Usianze na Maikrofoni

Wapigaji wa taarabu, wa fidla, udi na kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi), ninaowafundisha kurekodi hapa Unguja wakishakaa tu, swali huwa lile lile: "Maalim, ninunue maikrofoni gani?" Ninawaambia wazime feni kwanza.

Simu uliyonayo inatosha kuanzia. Kinachoharibu sauti ni chumba. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta za mawe na chokaa, dari refu na sakafu tupu, kwa hiyo fidla ikipigwa humo mwangwi unatoka kila pembe. Hamia chumba cha kulala, chenye godoro na nguo nyingi, utundike blangeti zito nyuma yako. Anayekaa ghorofa za Michenzani adui yake ni barabara, basi asubiri usiku, akimwangalia na jirani pia.

Simu iwe katika hali ya ndegeni, ihifadhi WAV, faili lisiloiminya sauti, badala ya MP3, na sauti kubwa kabisa isivuke desibeli -12 hivi kwenye kipimo cha programu ya kurekodi. Sauti iliyopasuka haitengenezeki. Kwa fidla, weka simu juu ya usawa wa kichwa, umbali wa mkono mmoja au zaidi. Ukiisogeza karibu, utasikia upinde ukikwaruza kuliko wimbo. Kwa udi, usiielekeze kwenye tundu, maana hapo mvumo mzito humeza kila kitu. Ielekeze pale shingo inapokutana na tumbo, kama sentimita 30.

Kazi ngumu ni kupiga pamoja wakati kila mtu yuko kwake. Taarabu yetu haihesabiwi kwa saa: mwimbaji anavuta, nyuzi zinamfuata, kila mpigaji anapamba kivyake. Mwimbaji Siti binti Saad na wenzake waliporekodi Bombay mwaka 1928, hapakuwa na habari ya kurekodi mmoja mmoja. Ukiwapa wazee mdundo wa mashine masikioni wanapiga kama wanaogopa mtihani, wala siwalaumu. Kwa hiyo ninataka mwimbaji na mpiga dumbaki, ile ngoma ya mkono, warekodi kwanza pamoja, hata kwa simu moja, waanze kwa makofi manne. Faili hilo ndilo linalotumwa kwa wengine. Wanalisikiliza kwa hedifoni, sikio moja likiwa wazi, na kupiga juu yake. Makofi yale, nao wakiyapiga, ndiyo yatakayokuonyesha faili zikutane wapi kwenye Audacity, programu ya bure kabisa ya kuhariri sauti.

Sauti ya kukazia nyuzi nayo mkubaliane mapema. Kama klabu ina akodiani, hiyo ndiyo mkubwa, kwa kuwa haikazwi wala hailegezwi. Rekodi noti yake moja ndefu umpelekee kila mtu, kwa sababu akodiani kuukuu mara nyingi imeshahama kidogo kwenye kipimo cha programu za simu. Mpiga kanuni apewe muda wake: nyuzi zaidi ya 70 hazikazwi kwa haraka, na hewa yetu ya bahari inazilegeza tena.

Mwenzenu wa Wete au Chake, kule Pemba, akikutumieni kipande chake kwa WhatsApp, akitume kama hati, si kama ujumbe wa sauti, kwani ule unaiminya sauti. Na faili aliandike jina la wimbo na la chombo. "Sauti mpya 2" zikishafika tano, hakuna anayejua ipi ni ya udi.