Walimu wa shule binafsi ni bora kuliko wa serikali?

SWALI: Mwanangu yuko darasa la tatu shule ya serikali, na darasani kwao wako 92. Baba yake anataka tumhamishie shule binafsi ya ingilishi midiamu. Nitajuaje kama walimu wa huko ni bora kweli?
Mama wa wawili, Morogoro

JIBU: Kwa vyeti, huenda usione tofauti. Wengi wao wamepita vyuo vilevile vya ualimu. Tofauti iko kwenye mzigo wa kazi, usimamizi, na mwalimu atakaa hapo mpaka lini.

Kiwango cha serikali kwa shule za msingi ni wanafunzi 45 darasani. Kwenye 92, mwalimu akitumia dakika moja tu kwa daftari, zoezi moja linamla saa moja na nusu, na kipindi chenyewe ni dakika 40. Ndiyo maana anatoa maswali matatu badala ya kumi, au anawaambia wabadilishane madaftari wasahihishane. Mpe huyohuyo watoto 30, utamsifu.

Kwa hiyo kabla hujachukua fomu, azima daftari la hisabati la mtoto wa darasa la tatu anayesoma shule hiyo. Lifungue katikati, maana Januari kila daftari ni safi. Hesabu mazoezi ya wiki mbili, kisha tafuta makosa. Tuseme mtoto ameandika 403 − 128 = 325. Hajakopa, kila safu ametoa namba ndogo kwenye kubwa. Mwalimu anayejua kazi yake ataliona hilo, atamrudisha kwenye kukopa, na chini yake utakuta masahihisho yenye tiki ya pili. Ukikuta mkasi (X) mtupu, au tiki moja kubwa iliyofunika ukurasa mzima pamoja na kosa lake, ada hiyo inalipia sare na basi.

Halafu muulize mwalimu wa taaluma: tangu Januari wameondoka walimu wangapi? Ajira za serikali zikitangazwa, walimu wengi wa binafsi huomba, kwa sababu ya pensheni na uhakika wa mshahara. Shule inayochelewesha mishahara huwapoteza katikati ya muhula, na darasa linabaki na mwalimu wa kuziba pengo. Serikalini shida ni kinyume: mzembe haondoki kirahisi, na akiondoka mara nyingi amehamishiwa kwa wenzenu.

Kiingereza cha getini kisikubabaishe. Omba ukae nyuma ya darasa kipindi kimoja cha sayansi. Watoto wakiitikia tu kwa pamoja kama kwaya bila hata mmoja kuuliza swali, wanakariri.

Matokeo nayo yasomwe kwa jicho kali. Baraza la Mitihani (NECTA) liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini matokeo ya kila shule bado yapo kwenye tovuti yake baraza hilo. Linganisha waliofanya upimaji wa darasa la nne 2021 na waliofanya mtihani wa darasa la saba 2024. Kama walikuwa 60 wakabaki 38, uliza wale 22 walikwenda wapi. Wengine walihama na wazazi, sawa. Lakini shule inayorudisha darasa au kuondoa watoto wazito kabla ya mtihani haijaonyesha ubora wa walimu wake, imeonyesha mchujo.

SWALI: Sisi ada hatuiwezi, mtoto atabaki serikalini. Tufanye nini?
Mzazi, Kahama

JIBU: Pitia daftari kila Ijumaa, na maswali aliyokosa ayarudie mbele yako. Ukienda shuleni usiulize “anaendeleaje?”, maana utajibiwa “vizuri”. Uliza ni mada ipi imemshinda, na umwombe mwalimu maswali matano ya mada hiyo ya kufanyia nyumbani. Nenda vipindi vikiisha. Asubuhi utamkuta mlangoni na darasa zima linamngoja.