Usisubiri kutundika daluga ndipo uanze kusomea fedha

Nilicheza soka la kulipwa kama beki wa kati, na sasa kazi yangu ni usimamizi wa uwekezaji. Wachezaji huniuliza: nikistaafu, nianzie wapi? Nawajibu waanze leo, wakiwa bado wanapangwa kikosini. Ukishatundika daluga, mchana wako hautakuwa huru tena, na simu zako hazitapokelewa haraka kama sasa.

Timu nyingi humaliza mazoezi mchana mapema. Mwili umechoka, ni kweli, lakini kichwa bado kina saa mbili za kazi. Mtihani wa CFA (Chartered Financial Analyst), cheti cha wachambuzi wa fedha kinachoheshimika sana kwenye uwekezaji, una ngazi tatu, na kila ngazi hudai takriban saa 300 za kujisomea. Saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, ni wiki 30. Kwa hiyo ngazi moja inaenea ndani ya msimu mmoja. Kama huna shahada, tangulia na hiyo, hata kwa elimu ya masafa, yaani kusoma ukiwa mbali na chuo. Oliver Bierhoff, aliyeifungia Ujerumani bao la dhahabu kwenye fainali ya Euro 1996, alisomea biashara hivyo huku akicheza. Giorgio Chiellini alihitimu shahada ya uzamili ya biashara Turin mwaka 2017 akiwa bado beki wa Juventus.

Kitabu chako cha kwanza kiwe mkataba wako mwenyewe. Chora safu mbili. Ya kwanza andika cha uhakika, yaani mshahara, ukishatoa kodi na kamisheni ya wakala. Ya pili andika chenye masharti: bonasi ya kucheza, ya ushindi, ya kutoshuka daraja. Maisha yako yapange kwa safu ya kwanza peke yake, maana goti likiumia, ya pili inaanza kukauka wiki hiyo hiyo. Kisha piga hesabu ya umri. Ukicheza kuanzia miaka 19 hadi 34 na kuishi hadi 75, miaka 15 ya mshahara inalisha miaka 56. Kila mwaka uwanjani unabeba karibu minne. Ukiweza kukaa na hesabu hiyo bila kuikimbia, tayari unafikiri kama mchambuzi wa fedha.

Kuhusu simu: wakurugenzi na wadhamini wanakupokea leo kwa sababu unacheza. Usiwaombe pesa. Waombe wakuruhusu ukae ofisini kwao siku chache za mapumziko ya msimu, uone jinsi wanavyobishana kuhusu mkopo au hati fungani, yaani deni ambalo serikali au kampuni huwauzia wawekezaji.

Ukiajiriwa utaanzia chini, pengine bosi wako akiwa mdogo kwako. Hapo una faida kubwa, kwani umezoea kukosolewa mbele ya wenzako. Kocha amesimamisha video, akakuonyesha ulivyomwachia mshambuliaji nafasi kwenye kona, na kesho yake ukarudi mazoezini. Ofisini kuna watu ambao kosa moja kwenye jedwali huwanyima usingizi. Kitakachokutesa ni subira. Umezoea jibu la dakika 90, na huku uamuzi wa leo unaweza kujulikana ubora wake baada ya miaka mitano.

Kuna jambo linaloniuma. Baadhi ya kampuni huajiri wachezaji wastaafu kwa ajili ya majina yaliyomo kwenye simu zao. Wenzako watakuamini kwa sababu mlioga jasho pamoja, watakukabidhi akiba zao bila kusoma karatasi. Usipokee hata senti kabla hujapata leseni, na usiuze kitu ambacho huwezi kumweleza mama wa mchezaji huyo akakielewa.

Mkataba wako unaofuata ukifika mezani, mwambie wakala aombe kifungu cha ruhusa ya kwenda kufanya mitihani. Kwa klabu ni siku chache tu kwa mwaka, na ni rahisi kukipata kabla hujatia sahihi kuliko baadaye.