Ngumi zangu za Wing Chun zina kasi lakini hazina uzito. Nifanye mazoezi gani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, naishi Morogoro, na huu ni mwaka wangu wa pili kujifunza Wing Chun, aina ya kung fu ya Kichina. Kila asubuhi napiga ngumi 1,000 za mfululizo hewani, nusu yake nikiwa nimeshika vyuma vya kilo 2, halafu namalizia na pushapu 60 juu ya ngumi. Kasi ninayo, kila mtu anasema. Ila nikipiga pedi, mwenzangu aliyeishika anasema anasikia kelele tu, uzito hakuna. Jirani yangu anacheza ndondi, ni mwembamba kuliko mimi, lakini akipiga pedi hiyohiyo mwenzangu anarudi hatua mbili. Wing Chun ina mazoezi gani ya kuongeza nguvu ya ngumi? Pia nimeanza kupiga ukuta ili nikomaze mikono, na sasa kifundo cha kidole cha mwisho kinaniuma.

Jibu: Marahaba kijana wangu. Naanza na hicho kidole, maana mengine yote yanaweza kusubiri na chenyewe hakisubiri. Kunja ngumi uilinganishe na ya mkono wa pili. Kama kifundo cha kidole cha mwisho kimezama, au ukikunja vidole hicho kidogo kinajiingiza chini ya mwenzake, nenda hospitali ukapigwe eksirei. Mfupa ulio nyuma ya kifundo hicho huvunjika sana kwa watu wanaopiga vitu vigumu, na ukiunga vibaya ndiyo imetoka. Hata kama umbo halijabadilika, maumivu yasipopungua siku chache zijazo, nenda ukapimwe. Mpaka yaishe kabisa usipige chochote. Ukuta ndio usiurudie tena maishani. Ukuta haubonyei, kwa hiyo nguvu yote unayoupelekea inarudi mifupani mwako.

Sasa swali lenyewe. Nikisoma ratiba yako naona mkono, kisha mkono, kisha mkono tena. Mkono mzima wa mtu, kuanzia begani hadi kwenye kucha, una kama asilimia 5 tu ya uzito wa mwili. Ukiwa na kilo 70, unampiga mwenzako kwa kilo tatu na nusu. Jirani yako naye ana mkono mwembamba, lakini mkono wake umeshikana na nyonga, na nyonga imeshikana na mguu wa nyuma. Mwenzako hakurudishwa na mkono, alirudishwa na mwili. Wewe pia mwili unao, ila nguvu yake inavuja njiani kabla ya kufika kwenye ngumi.

Tafuta tundu liko wapi. Simama mbele ya ukuta kwa mkao wa Siu Nim Tao, ile fomu yetu ya kwanza (mfululizo wa miondoko iliyopangwa), magoti yakivutana kwa ndani. Weka ngumi wima ukutani usawa wa kifua, kiwiko kikiwa kimekunjika kidogo. (Kwa sasa tumia kiganja, kwa ajili ya hicho kidole.) Usipige. Anza kusukuma taratibu kutoka chini ya nyayo, uzidishe kidogo kidogo kwa sekunde 10. Kiungo kitakachosalimu amri cha kwanza ndicho tundu lako. Wengi kinachowaangusha ni kiwiko: kinachomoka kwenda nje kama bawa la kuku aliyekamatwa. Wengine bega linapanda hadi sikioni. Wengine kifundo cha mkono kinapinda, na nashuku wewe ni mmoja wao, kwa sababu mkono ukipinda wakati ngumi inatua, kidole cha mwisho kinabaki peke yake kupokea mzigo wa watatu.

Ngumi yetu ni ya wima. Wachina wa Guangdong huiita ngumi ya herufi ya jua, kwa kuwa ukiitazama kwa mbele inafanana na herufi wanayoandikia neno jua. Inatua kwa vifundo vitatu vya chini, na cha kidole cha pete ndicho kikae katikati. Ukiisimamisha wima na kifundo cha mkono kimenyooka, vifundo hivyo viko kwenye mstari mmoja na mifupa ya mkono. Ukiigeuza ikalala kama ya karate lakini ukaendelea kutua na vifundo vilevile vya chini, unajitafutia bandeji.

Kiwiko dawa yake ni zoezi ambalo nina hakika unalikimbia, yaani sehemu ya kwanza ya Siu Nim Tao, ile ya polepole. Mkono wa fook sau (wa kulalia mkono wa adui) unatoka, wu sau (mkono wa kinga) inarudi, mara tatu. Wenyewe huiita kumwomba Buddha mara tatu, na vijana wangu huiita sehemu ya kusinzia. Ifanye kwa dakika 10, kila mkono, bila kuangalia saa. Kiwiko ndicho kinachoongoza, kiganja kinabebwa tu. Nafasi kati ya kiwiko na mbavu ni ngumi moja. Bega limeshuka, na ukishikwa mkono na mtu katikati ya zoezi aukute laini. Ip Man, mwalimu maarufu wa Wing Chun aliyeanza kufundisha Hong Kong mwaka 1950 baada ya kuhama Foshan, aliiweka fomu hii mwanzoni kabisa, na haina hata hatua moja ya mguu. Nami nilikuwa sielewi kwa nini nisimame kama mlingoti kila jioni. Nilielewa siku niliposimama vile mbele ya mtu anayenisukuma kweli.

Huo ulaini una sababu yake. Msuli wa nyuma ya mkono unakunjua kiwiko, wa mbele unakikunja. Ukikaza mkono mzima tangu mwanzo, huo wa mbele unavuta huku wa nyuma unasukuma, na unakuwa kama mtu anayepiga kasia huku nanga iko chini. Ngumi ilegee njia nzima, ikazwe pale inapogusa, kisha ilegee tena.

Vyuma vya kilo 2 hapo ndipo vinapokupotosha. Uzito wa chuma unavuta kwenda chini, wewe unapiga kwenda mbele. Kinachofanya kazi ni bega kukizuia kisianguke, na bega lililozoea kujikaza halitakuachia ukipiga mikono mitupu. Juu ya hapo, chuma kikifika mwisho wa ngumi kinavuta kiwiko kifunguke kupita kiasi. Ukitaka kitu cha kupingana na ngumi, chukua tyubu ya baiskeli iliyochoka, ifunge kwenye nondo za dirisha usawa wa kifua, uipe ukuta mgongo, piga ngumi 15 za taratibu kila mkono. Hapo upinzani unakuja kwenye mstari wa ngumi yenyewe.

Ngumi 1,000 hewani pia zipunguze. Sisemi ni mbaya, ila baada ya 200 hivi mtu hapigi tena, anadonoa. Piga 150 nzuri, zisikunjue kiwiko hadi kigote.

Sasa kifuko cha ukutani, ambacho ndicho hasa ulichokuwa unakitafuta kwenye ule ukuta. Shona turubai, au miguu ya jinzi iliyozeeka, upate vifuko vitatu vilivyopangana, cha juu usawa wa uso, cha kati kifua, cha chini tumbo. Nyuma weka ubao, upigilie ukutani. Jaza choroko kwanza. Wachina nao wametumia choroko kwenye mifuko ya kukomazia mikono tangu zamani, kwa sababu punje zinateleza na kuachia ngumi iingie. Zitabunguliwa baada ya miezi michache, mwaga ujaze nyingine. Baada ya miezi sita ndipo uchanganye na mchanga wa mto uliokauka. Nasema wa mto kwa makusudi. Kifuko changu cha kwanza nilikijaza mchanga wa pwani, ukawa unavuta unyevu kwa ile chumvi, ukashikana mpaka nikawa napiga tofali lenye nguo. Kilinuka pia.

Simama karibu, kiasi kwamba ngumi ikigusa kifuko kiwiko bado hakijanyooka. Mkono mmoja mmoja, ngumi 20, raundi tatu. Usikimbilie mfululizo. Piga na ukae hapohapo sekunde moja, usikie kilichorudi kimepita wapi: kikiishia begani, bega limepanda, kikishuka hadi kisiginoni na kisigino hakikuteleza, hiyo ndiyo. Sikiliza na sauti. Ngumi ya mkono inalia *pa*, kavu, kama kofi, na ndiyo kelele anayoisema mwenzako. Ngumi yenye mwili inatoa *buu* nzito, na ubao wa nyuma unatikisika. Wiki ya kwanza ukipata *buu* tano kati ya 20, usinung'unike. Ngozi ikichubuka simamisha mpaka ipone. Ile dawa ya Kichina ya kuchulia palipovilia damu, dit da jow, ni ya kupaka tu juu ya ngozi isiyo na jeraha, haiungi mfupa na hainywewi. Na kama una mdogo wako wa miaka 13 anayekuiga, mwachie pedi laini, mifupa yake bado inakua.

Kifuko kikishakukubali, ongeza hatua. Simama umbali wa hatua moja, mguu wa nyuma usukume ardhi, wa mbele uteleze, ngumi na mguu vifike pamoja. Mguu ukitangulia kutua ukatulia, mwendo wa mwili umeshakufa na unapiga kwa mkono peke yake tena. Watu wanapenda kusimulia ngumi ya inchi moja ya Bruce Lee, aliyoionyesha Long Beach, California, mwaka 1964, aliyepigwa akarudi nyuma hadi kwenye kiti, kana kwamba mkono wake ulikuwa na uchawi. Tazama ile picha ukiwa umeuziba mkono kwa kidole chako, uone mguu wa nyuma, nyonga na bega vinavyofyatuka kwa pamoja. Nikuambie na jingine: kumrusha mtu kwenye kiti ni msukumo. Ngumi ya kuumiza haimrushi mtu, inamkunja.

Zoezi la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, na wengi hulifikia wamechelewa: fimbo ndefu, luk dim boon gwan. Ina urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu na zaidi, nene upande mmoja, nyembamba upande wa pili. Masimulizi ya Wing Chun yanasema ilitoka kwa waigizaji wa opera wa Guangdong waliosafiri kwa mashua nyekundu, wakisukumia vyombo vyao kwa miti hiyo. Mtu wa pwani haelezwi sana hapo, huo ni upondo. Mwenye kusukuma chombo kwa upondo hasukumi kwa mikono, angechoka kabla ya kuondoka ufukweni. Anakandamiza kwa miguu, mikono inashikilia tu.

Panua miguu, shuka kama umeketi juu ya farasi, shika upande mnene, mkono wa nyuma karibu na kifua. Chomeka mbele kwa mwili mzima, simamisha ghafla, ncha isianguke. Mara 10 kila upande mwanzoni. Kesho yake utaijua misuli ya mgongo ambayo pushapu haijawahi kuigusa. Baada ya mwezi piga kifuko chako, usikilize.

Ratiba: Siu Nim Tao kila siku ya mazoezi. Kifuko siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Tyubu na fimbo siku zinazobaki, pamoja na kuchuchumaa na kusimama mara 20, raundi tatu. Jumapili lala. Pushapu endelea nazo kidole kikipona, ila ziwe 15 za haraka, unasukuma ardhi hadi mikono iachie, badala ya 60 za kujivuta.

Fimbo usinunue. Nenda kwa wauza mirunda ya ujenzi, chagua wa mkaratusi ulionyooka, unene wa upande mkubwa ujae mkononi. Menya gome, uulaze bapa kivulini wiki kadhaa ukiugeuza kila siku. Ukiuegemeza ukutani juani utakauka umepinda kama upinde, na utarudi tena kwa muuzaji.