Nikifumba macho naona giza tu: je, nimemsahau mama?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Moshi, nina miaka 31. Mwenzangu tunayeshona naye, mteja akimweleza mshono anasema, "Tayari nimeshauona," anashika mkasi. Wiki iliyopita nilimuuliza anauona wapi. Akashangaa. Anasema akifumba macho gauni linamjia zima, na rangi yake na marinda yake. Mimi nikifumba macho ni giza. Maisha yangu yote nilidhani "hebu vuta picha" ni maneno ya kuongea tu. Kinachonitesa zaidi, mama alifariki mwaka juzi na sura yake hainijii hata kidogo, wakati ndugu zangu wanasema wanamwona kila siku. Je, ni ugonjwa? Ina maana nimemsahau? Kuna dawa? Na binti yangu wa miaka sita atakuwa hivi?

JIBU: Marahaba binti yangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama.

Nianze na hilo linalokutesa. Mama yako hujamsahau. Kukumbuka ni jambo moja na kuona picha kichwani ni jambo jingine. Watu wengi huyachanganya kwa sababu kwao yanakuja pamoja, kama uzi na sindano. Kwako linakuja moja tu. Hali hiyo wataalamu wanaiita afantasia, na si ugonjwa.

Kabla hujaendelea kusoma, jaribu hili. Umesimama hapa Moshi mjini asubuhi, mawingu hayajashuka, mlima unauona wote. Kati ya vilele vyake, Kibo na Mawenzi, kipi kipo mkono wako wa kulia? Umeshajibu: Mawenzi. Sasa hama, nenda kasimame Loitokitok, upande wa Kenya, uso umeuelekeza kwenye mlima uleule. Mawenzi iko mkono gani? Fikiri kidogo. Imehamia kushoto. Kama umepata jibu hilo, basi umeuzunguka mlima mzima ndani ya giza lako, na hukuhitaji picha hata moja.

Jaribio hilo dogo ndilo kiini cha jibu langu. Ubongo una njia zaidi ya moja ya kushika mambo tuliyoyaona. Njia moja inashughulika na sura ya kitu: rangi, umbo, nakshi, uso wa mtu. Nyingine inashughulika na mahali: kipi kiko wapi, kimegeukia wapi, kina ukubwa gani ukilinganisha na kile cha pembeni. Kwa wengi wenye afantasia njia ya kwanza hailetei macho ya ndani kitu chochote, lakini ya pili inafanya kazi kama ya mtu mwingine yeyote. Ndiyo maana unashona. Fundi asiyejua kipande cha mgongo kinakutana vipi na cha bega hawezi kukaa kwenye cherehani miaka yote hiyo.

Wala si jambo la jana. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton aliwataka watu waikumbuke meza waliyopatia kifungua kinywa asubuhi hiyo, kisha wamweleze picha waliyoipata: ina mwanga kiasi gani, rangi zake zikoje. Alianza na wanasayansi, akidhani watampa majibu makini kuliko wengine. Wengi wao wakamjibu kwamba hawaoni picha yoyote na hata swali lenyewe hawalielewi. Walidhani, kama ulivyodhani wewe, kwamba "kuona akilini" ni namna ya kusema. Watu wengine wakamweleza meza nzima, na vikombe vyake, kana kwamba iko mbele yao.

Baada ya hapo jambo hili lilikaa muda mrefu bila kushughulikiwa sana. Mwaka 1973 mwanasaikolojia David Marks alitunga dodoso la vipengele 16 ambalo linatumika mpaka leo. Unaambiwa umfikirie ndugu au rafiki unayemwona mara kwa mara, jua linavyochomoza, duka unalolijua, mandhari yenye miti na milima, kisha kwa kila kipengele unatoa alama moja hadi tano kulingana na ung'avu wa picha. Anayepata 16 haoni kitu. Anayepata 80 anaona kama anaangalia kitu chenyewe. Wengi wetu tuko katikati. Picha zangu mimi ni hafifu, zinakuja na kukatika kama taa wakati umeme ni mdogo. Wasioona kabisa wanakadiriwa kuwa karibu mtu 1 katika kila 100, na ukijumlisha wenye picha hafifu mno wanafika kama 4. Upande wa pili wapo wenye picha kali kupita kiasi, hali inayoitwa haipafantasia, nao ni kama 3 katika 100. Huenda mwenzako wa cherehani ya pili ni mmoja wao.

Utauliza: tutajuaje kwamba watu hawa hawasemi tu? Pengine wote tunaona sawasawa ila tunaeleza tofauti. Ni swali zuri, na mimi mwenyewe lilinisumbua miaka mingi, mpaka nilipoanza kusoma kazi za Joel Pearson na wenzake wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney. Walichokifanya ni kuacha kuuliza mdomo, wakaangalia mboni ya jicho. Unajua ukitoka ndani ukakutana na jua, mboni inasinyaa. Basi, mtu mwenye picha akilini akifikiria tu kitu cheupe chenye kung'aa, mboni yake inasinyaa kidogo, ingawa hakuna mwanga wowote ulioongezeka. Mwili umedanganywa na picha ya ndani. Katika utafiti wao wa mwaka 2022, wenye afantasia walipoambiwa wafikirie vitu vinavyong'aa na kisha vya giza, mboni zao hazikuonyesha tofauti hiyo. Macho yao ni mazima, kwani mwanga wa kweli ulipowekwa mboni zilisinyaa kama kawaida. Na hawakuwa wavivu: walipotakiwa kufikiria vitu vinne kwa pamoja badala ya kimoja, mboni zao zilitanuka, jambo linalotokea mtu anapojikaza kufikiri. Walikuwa wanajitahidi kwa dhati, picha haikuja. Mboni haimdanganyi mtu. Kwa hiyo mtu akikuambia unajifanya au hujajaribu vya kutosha, mwambie hayo.

Jina lenyewe, afantasia, lina umri mdogo. Mtaalamu wa mishipa ya fahamu Adam Zeman, wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, mwaka 2010 alieleza na wenzake habari za mzee wa miaka 65 ambaye picha zilimpotea ghafla baada ya kutibiwa moyo. Kabla ya hapo alikuwa akitafuta usingizi kwa kuwapitisha marafiki na ndugu zake mbele ya macho ya akili, mmoja mmoja. Habari hiyo ilipoenea, watu wakaanza kumwandikia Zeman kwamba wao wako hivyo tangu kuzaliwa. Mwaka 2015 alichapisha habari za watu 21 wa namna hiyo, na ndipo jina likapatikana.

Hapa naomba unisikilize vizuri, wewe na msomaji mwingine yeyote. Kutoona picha tangu utoto ni tofauti na kupotewa na picha ulizokuwa nazo. Kama mtu alikuwa anaona, kisha zikakatika baada ya kuumia kichwa, kiharusi, operesheni, au katika kipindi cha huzuni nzito isiyoisha, aende hospitali na alieleze jambo hilo kwa maneno yaleyale: "zamani nilikuwa naona, sasa sioni." Kwa maelezo yako wewe huna tarehe ilipoanza. Hiyo inanipa amani.

Dawa hakuna, na wala sioni cha kutibu. Hakuna zoezi lililothibitishwa kwamba linamfungulia picha mtu aliyezaliwa bila picha, kwa hiyo usimpe mtu fedha yako kwa ahadi hiyo.

Sasa kazi yako. Mwaka 2021 mwanasaikolojia Wilma Bainbridge na wenzake walitoa majibu ya jaribio ambalo ningependa kila fundi alijue. Waliwaonyesha watu picha za vyumba, wakazificha, wakawaambia wachore kwa kukumbuka. Wenye afantasia walichora vitu vichache zaidi na rangi walizisahau. Lakini vile walivyochora waliviweka mahali pake, kwa ukubwa wake, sawasawa na wenzao. Na walikuwa wachache kuongeza kitu ambacho hakikuwepo. Yaani picha ya ndani inampa mtu mapambo mengi, lakini pia inaweza kumwekea kiti ambacho hakikuwa chumbani.

Linganisha na meza yenu ya kukatia. Mwenzako "ameshauona" mshono na mkasi uko mkononi. Gauni aliloliona ni la mteja, au ni la kwake? Wewe, kwa kuwa huoni, lazima uulize: mkono unaishia wapi, shingo ni ya duara au ya V, solo, ule mshono wa kubana mwili, inaanzia kwenye bega au kwapani, zipu nyuma au ubavuni. Uliza hivyo hivyo na uandike karibu na vipimo. Mwombe mteja picha kwenye simu. Chora, hata mchoro mbaya. Karatasi ndiyo itakayokuwekea kile ambacho kichwa hakikuwekei. Mshono mgeni, pita soko la Memorial ununue shuka la mtumba la bei ndogo, ulikate kwanza hilo kabla hujagusa kitenge cha mtu. Kuhusu maua ya kitenge yakutane wapi kwenye mshono wa katikati, usihangaike kufikiri: kikunje kitenge kwenye kifua cha mteja mbele ya kioo, ubane pini, uone kwa macho. Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa studio ya katuni ya Pixar, amesema hadharani kwamba yeye haoni picha akilini, na kazi ya maisha yake imekuwa picha.

Niseme pia kosa langu. Miaka ya nyuma nilikuwa nawatuliza watu wenye hofu kwa kuwaambia, "Fumba macho, jione umekaa kando ya maji, unaona mawimbi." Mama mmoja alikuja mara nne, kila mara anafumba macho na kunyamaza, na mimi naandika kwamba hatoi ushirikiano. Mara ya tano akaniambia, kwa sauti ya chini, "Mimi sioni maji yoyote, baba. Naona giza, na nakaa humo nikisubiri umalize." Nilimwomba radhi. Siku hizi nauliza kwanza, na asiyeona namwelekeza kwenye pumzi, sauti au mikono. Walimu wetu nao nawaomba hivyo: mtoto akiambiwa "fumba macho uone moyo unavyosukuma damu" na asione kitu, ubao upo na chaki ipo. Umchoree.

Turudi kwa mama. Ungemwona leo sokoni Kiboriloni kati ya akina mama mia, hata kwa mbali, si ungemtambua? Basi sura yake imo ndani yako, kwa sababu huwezi kumtambua mtu ambaye hukumhifadhi. Kinachokosekana ni kuiita ikaja yenyewe. Wapo wenye afantasia ambao nyuso zinawasumbua kweli, hata za watu wa karibu, na wapo wanaosema matukio ya zamani ya maisha yao yanawajia kwa uchache. Si wote walio hivyo. Nakushauri ubandike picha zake mahali unaposhonea, usizifungie kabatini kwa kuogopa uchungu. Tafuta sauti yake kwenye simu za ndugu. Kanga zake usizifue zote. Na uwaambie ndugu zako wanapokaa kumzungumzia wasikuulize kama unamwona. Wakuulize alikuwa anasemaje akikasirika, alikuwa anakaangaje ndizi. Hapo utawazidi.

Na ndotoni je? Wengi wenye afantasia wanaota kwa picha kabisa, maana ndoto inakuja yenyewe bila kuitwa. Kama umewahi kumwota, umemwona.

Binti yako anaweza kuwa kama wewe, kwa sababu hali hii inaonekana zaidi ndani ya familia moja kuliko kwa bahati, lakini si lazima. Usimuulize "unaona picha?" kwa sababu mtoto wa miaka sita atasema ndiyo kukufurahisha. Jioni mkiwa mmetulia mwambie amfikirie bibi yake, kisha muulize amekaa au amesimama. Akikuangalia kama hakuelewi na kusema, "Sijui, ni bibi tu," mwoneshe picha ukutani na mwendelee na hadithi. Akisema amekaa, muulize amevaa kitenge gani.