Shangazi, nende Mlimani au chuo cha wanawake?

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni msichana wa miaka 20, kwetu Micheweni, Pemba. Nilimaliza kidato cha sita mwaka jana, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), nikapata daraja la kwanza. Nataka kusomea mambo ya bahari, maana mama analima mwani na nimeshaona mbegu zikimfia mikononi. Mwalimu wangu alinisaidia kuomba Mount Holyoke, chuo cha wanawake huko Marekani, na nimekubaliwa kwa ufadhili. Nikikataa, dirisha la udahili likifunguliwa Julai nitaomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani. Baba anataka nende Marekani kwa kuwa 'hakuna wanaume'. Ami yangu anasema chuo cha wanawake watupu kitanidekeza, bora Mlimani nikapambane. Mimi mwenyewe sijui. Darasani huwa sisemi, na maabara wavulana ndio waliokuwa wakishika vifaa, mimi nikiandika majibu. Mount Holyoke wanataka jibu kabla ya tarehe 1 Mei. Mwana wa Mwani."

Marahaba mwanangu, na hongera.

Nianze na babaako, kwa sababu yeye ndiye mwenye furaha kubwa na ndiye aliyeelezwa kidogo. Naona picha aliyonayo kichwani: dakhalia, geti, matroni na funguo zake. Hicho sicho chuo ulichokubaliwa. Kuna maprofesa wanaume, wageni wanaingia na kutoka, na chuo kina mapatano na vyuo jirani: mwanafunzi wa huku anasoma somo kule, na wa kule anakuja huku. Mabasi yanazunguka baina yao. Kimojawapo ni Chuo Kikuu cha Massachusetts pale Amherst, cha umma, chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi, wake kwa waume. Kwa hivyo unaweza kukaa kwenye chuo chenye wanafunzi elfu mbili na kitu, asubuhi ukapanda basi ukasome kwenye chuo mfano wa Mlimani, na pembeni yako amekaa mvulana.

Mwambie babaako hayo sasa, kwa mdomo wako. Najua inavyoshawishi kunyamaza, maana ruhusa umeshaipata na ruhusa ya baba si kitu cha kuchezea. Lakini akija kuyaona mwenyewe kwenye picha ya simu, wewe ukiwa umeshakaa huko miezi mitatu, hatasema chuo kimemdanganya. Atasema wewe. Na hapo utakuwa mbali mno kumuinamia na kumshika mkono.

Sasa ami yako. Huyu nimemcheka kidogo, anisamehe. Anaishi Pemba, amewaona wanawake wakiteremka pwani bamvua ikitoka, maji ya magotini, jua la utosi, wakipigilia vigingi, wakifunga mbegu kwenye kamba moja moja, kisha wakipandisha mizigo ya mwani mbichi inayochuruzika hadi kisigino. Kilimo hicho kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989 na mpaka leo wengi wanaokifanya ni wanawake. Mbona hajasema wanadekezana? Pale ambapo hapana mwanamume wa kushika nyundo, mwanamke anaishika. Basi.

Na hicho chuo hakikuanzishwa na mtu wa kudeka. Mary Lyon, aliyekifungua mwaka 1837, alikuwa mwalimu wa kemia wakati ambapo wengi kwao hawakuona msichana ana haja gani na kemia. Mwanafunzi mmoja aliyesoma zuolojia hapo na kumaliza mwaka 1929, Virginia Apgar, akaja kuwa daktari. Mwaka 1952 akatunga ile alama anayopewa mtoto dakika ya kwanza tu baada ya kuzaliwa: rangi yake, mapigo ya moyo, analia vipi, anapumua vipi, viungo vina nguvu gani. Muulize mkunga yeyote wa hapo Pemba alama ya Apgar ni kitu gani, atakujibu bila kufungua kitabu.

Ningekuwa wewe, ningekwenda. Sababu yangu ni moja, nayo umeiandika mwenyewe bila kuipa uzito: ile ya maabara. Mtu aliyekaa miaka miwili akiandika majibu ya wenzake anahitaji mahali ambapo hadubini imewekwa mbele yake na hapana wa kumpokonya.

Mimi nilisoma chuo kikubwa cha umma huko Bara, sikitaji. Mwaka wa kwanza tulikuwa mamia ukumbi mmoja. Mwalimu alikuwa mdogo kama kidole kutoka nilipokaa, na mimi nilikaa nyuma kwa kupenda. Nilipita kwa madesa, yale makaratasi ya kutoa kopi yaliyokwishapita mikono ya watu wa miaka mitatu. Chumbani tulikuwa tumebebana, kitanda kimoja watu wawili, tunalala mzungu wa nne, miguu ya mwenzangu usoni mwangu. Nilimaliza na shahada nzuri, na sikuwahi kumuuliza mwalimu swali hata moja mpaka mwaka wa tatu. Hakuna aliyenikataza. Chuo kikubwa kinamruhusu mtu mkimya abaki mkimya, tena kwa heshima zote.

Ila sitakuficha nilichokipata. Yule aliyekuwa akilala miguu yake usoni mwangu ni mtu wa Songea, na leo nikikwama jambo Dodoma ndiye ninayempigia simu. Ukienda Marekani, watu wa namna hiyo hutakuwa nao, na siku ukirudi kutafuta kazi utaliona pengo lao.

Na pana jambo la bahari yenyewe. South Hadley, chuo kilipo, kuna mto. Bahari ni safari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa upande huu kimekaa vizuri zaidi: kina kampasi yake Kunduchi, ufukweni, na Taasisi yake ya Sayansi za Bahari iko hapa hapa Unguja, Buyu. Wapo wanaojua kwa nini mwani wa mamaako wa aina ya cottonii unakufa maji yakizidi joto, huku ule wa aina ya spinosum, wenye bei ndogo, ukivumilia. Kwa hivyo ukikubali Marekani, usingoje miaka minne. Waandikie watu wa Buyu mwaka huu huu kwamba likizo utakayorudi unaomba kubeba ndoo zao. Walioko kazini humkumbuka aliyebeba ndoo.

Pesa. Neno "ufadhili" lisikulevye. Chukua barua yao ya malipo, kaa na mwalimu wako, mpitie mstari kwa mstari: ada, chumba, chakula, bima ya afya, tiketi ya ndege, viza, nguo za baridi. Kila kisicholipwa, andikeni kiasi chake kwa shilingi. Angalia kama ndani yake mna mkopo. Viza ya mwanafunzi inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Hiyo ni pesa ya sabuni na vocha, usiihesabie tiketi. Ikiwa mwisho wa hesabu babaako inabidi auze shamba la mikarafuu, basi nafuta niliyosema: nenda Mlimani. Huko nako mkopo wa bodi ni deni, ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara, lakini shamba linabaki.

Tarehe 1 Mei haiko mbali. Leo baada ya Isha kaa na babaako na barua mkononi. Kesho waandikie chuo uwaulize nani analipa tiketi, na hilo liwe swali lako la kwanza kuuliza bila ya kuona haya.

Na kitu kimoja kimenikaa. Barua yako ina maneno ya baba, ina maneno ya ami. Mama yumo na mwani wake tu. Yeye amesemaje?