Wasomaji Wauliza: Safari, Kamera na Watu Tunaowakuta Njiani

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu wakazi wa Mombasa wanaorekodi safari zao za ng'ambo na kuziweka YouTube kama vlogu, yaani masimulizi ya video ambayo msafiri mwenyewe ndiye mpiga picha, msimulizi na mhariri. Barua zilizotufikia baada ya hapo zilikuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Hizi zifuatazo tumezifupisha, na majina ya walioziandika hatukuyataja.

SWALI: Assalaam alaikum Mhariri. Mimi ni msichana, mkazi wa Majengo, na ninajiandaa kwenda Zanzibar kisha Kigali. Nimeazimia kurekodi safari yote. Marafiki zangu wananishauri nizungumze Kiingereza ili nipate watazamaji wengi, lakini kila ninapojaribu mbele ya kamera maneno hunikwama. Je, nisimulie kwa Kiswahili? Na safari za karibu kama hizi zina mtazamaji kweli?

JIBU: Waalaikum salaam, binti yetu. Zungumza Kiswahili, tena kile kile unachokizungumza nyumbani. Anayetaka kuuona Mji Mkongwe wa Unguja kwa Kiingereza ana video tele za kuchagua, zilizopigwa kwa kamera ambazo wewe na mimi hatuzimudu. Asiye na wa kumhudumia ni mama wa Kisauni anayetaka kumpeleka mwanawe Zanzibar wakati wa likizo, naye hajui abiria wa basi hufanyiwa nini wakivuka Lunga Lunga na kuingia Horohoro, kama ataulizwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, wapi abadilishe shilingi zake bila kupunjwa, na akifika Dar es Salaam akate tikiti ya boti kwa nani. Kigali nako, Mkenya huruhusiwa kuingia kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti, jambo ambalo wengi mtaani kwako hawalijui. Hayo hayamo katika video za wageni kwa sababu hayawahusu.

Umbali wa safari usikushughulishe. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Tangier, Morocco, alipopita Mombasa mwaka 1331 akielekea Kilwa, alilala hapa usiku mmoja tu. Hata hivyo, masimulizi yake, yaliyokamilishwa kuandikwa huko Morocco mwaka 1355, husomwa hadi leo, kwa kuwa alitazama yale ambayo mtu wa kwao Tangier angependa kuyajua: kwamba chakula kikuu cha watu wa kisiwa hiki kilikuwa ndizi na samaki, kwamba nafaka ililetwa kutoka kwingine, kwamba misikiti ilijengwa kwa mbao kwa ustadi, na kwamba mlangoni palikuwa na kisima ambapo mtu aliosha miguu kabla ya kuingia. Wala hutakuwa wa kwanza kuieleza nchi ya mbali kwa lugha yetu, kwani Salim bin Abakari, aliyefuatana na Mjerumani Theodor Bumiller hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, aliisimulia safari hiyo kwa Kiswahili, na simulizi lake likachapishwa mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga mkoba wako, waulize shangazi zako na majirani wangependa kujua nini kuhusu Kigali, kisha uende ukawajibu. Ukifanya hivyo maneno hayatakukwama, kwa sababu utakuwa unazungumza na watu unaowajua. Wa kusimama mbele ya mlango wa nakshi na kupaza sauti kwamba amefurahi sana wapo wa kutosha.

SWALI: Nimeweka akiba ya kununua kamera kubwa kabla ya safari yangu ya Uturuki. Simu yangu ni nzuri, lakini naona wenzangu wote wana kamera. Nisaidie. (Msomaji wa Bamburi)

JIBU: Akiba hiyo iache ikusaidie safarini, utoe sehemu ndogo tu ununue maikrofoni ya kubana kwenye kola pamoja na kifuniko chake cha manyoya. Mtazamaji huvumilia picha isiyokolea, lakini sauti iliyomezwa na upepo humfukuza mara moja. Nawe mkazi wa Bamburi huhitaji kuelezwa upepo wa kusi unavyovuma ufukoni. Jizoeze hapo hapo kabla ya kuondoka. Utagundua pia kwamba jua la mchana huzifanya nyuso ziwe na vivuli vyeusi chini ya macho, hivyo kazi yako kubwa ifanyike kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni, popote pale ambapo jua huwa kali kama la kwetu.

Jambo jingine ni nafasi ya kuhifadhi. Dakika moja ya video ya 4K, yaani ile ya ubora wa juu sana, huweza kuchukua megabaiti 170 hadi 350 kutegemea simu na namna inavyobana faili, kwa hiyo saa moja ya kurekodi ovyo itachukua gigabaiti kama 10 hadi 21 za simu yako. Rekodi vipande vifupi, na uchague ubora wa chini kidogo pale ambapo picha haina uzito. Pawabenki, ile betri ya kuchajia simu, nayo haikubaliwi katika mizigo inayopakiwa chini ya ndege, bali huingia nawe katika mkoba wa mkononi, na isizidi saa-wati 100, kipimo cha nishati inayohifadhiwa na betri, ila kwa idhini ya shirika la ndege. Ile ya mAh 20,000 wanayoitumia wengi ina takriban 74, kwa hiyo haina tatizo.

SWALI: Mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Kibokoni. Wageni tumewazoea kupiga picha milango yetu, lakini siku hizi hata vijana wetu wenyewe hupita wakirekodi akina mama walioketi barazani bila ya salamu. Binti yangu alirekodiwa akitoka madrasa, na video ikazunguka hadi ikatufikia kwa jamaa zetu walioko Uingereza. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba mpwa wangu, aliyekasirika pamoja nami, juzi alituma video kutoka Istanbul yenye nyuso za watoto wa watu. Sheria inasema nini?

JIBU: Shikamoo mama. Malalamiko yako yana nguvu ya sheria, na mpwa wako afadhali aisome sehemu hii pamoja nawe.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha ya mtu anayetambulika ni data yake binafsi. Sheria hiyo huiacha nje shughuli ambayo ni ya binafsi au ya nyumbani kabisa, mathalani video ya harusi mnayotumiana wenyewe kwa wenyewe. Lakini video iliyowekwa hadharani ili iwavute watazamaji na kuingiza pesa za matangazo ni vigumu kuiita ya nyumbani. Wanaodhani haya ni maneno ya vitabuni tu wakumbuke kwamba mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya burudani jijini Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila ya ridhaa yake, na shule moja ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila ya idhini ya wazazi. Mtoto ndiye aliyepewa ulinzi mkubwa zaidi, wala hapana njia ya mkato hapo.

Kuhusu video ya binti yako, mwandikie kwanza aliyeipakia, umtake aiondoe, na uuhifadhi ujumbe huo. Akikaidi, YouTube ina utaratibu wa malalamiko ya faragha, ambao kwa kawaida humpa mwenye video saa 48 za kuchukua hatua kabla ya wao wenyewe kuitazama. Hatua inayofuata ni kwa Kamishna.

Mpwa wako naye ajue kwamba hisia zako si za watu wa Mji wa Kale pekee. Mjini Kyoto, Japani, wakazi wa mtaa wa Gion walichoshwa na wageni waliokuwa wakiwafukuzia geisha, wanawake watumbuizaji wa jadi, kwa kamera, na mwaka 2024 wakavifunga vichochoro vyao vya binafsi kwa watalii na kutangaza faini ya yen 10,000. Misri, ambayo mwaka 2022 iliruhusu watu kupiga picha za matumizi binafsi katika maeneo ya wazi bila ya kibali, iliweka wazi katika tangazo hilo hilo kwamba watoto wasipigwe picha na kwamba raia apigwe kwa ridhaa ya maandishi. Kwa maoni yangu, hata pale ambapo sheria imenyamaza, adabu ya pwani yatosha kuwa mwongozo: salamu hutangulia, mazungumzo hufuata, na kamera hutolewa mwisho, ikiwa imeruhusiwa. Mpita njia anayeonekana kwa mbali katika picha ya barabara nzima ni jambo moja. Kuusogelea uso wa mtu anayekula, anayelia au anayeswali ni jambo jingine kabisa. Tena video hupendeza zaidi mtu akizungumza kwa hiari yake kuliko akinaswa kwa kuviziwa.

SWALI: Nakwenda Morocco na Misri, na nimenunua droni. Kuna la kuzingatia? (Kijana wa Tudor)

JIBU: Iache nyumbani. Morocco hairuhusu droni kuingizwa nchini bila ya idhini, na forodha huizuia uwanjani. Misri huhitaji kibali cha Wizara ya Ulinzi, na kuikiuka amri hiyo kunaweza kukufikisha kizuizini. Hata hapa nyumbani, kanuni za mwaka 2020 zinakutaka uipitishe kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kuirusha, na mbugani huhitajika ruhusa ya Shirika la Huduma za Wanyamapori.

SWALI: Nafanya kazi bandarini, nimeoa na nina watoto. Nimeambiwa nikifikisha wafuasi elfu moja nitaanza kulipwa, na nafikiria kuacha kazi nisafiri. Unanishauri vipi? (Msomaji wa Changamwe)

JIBU: Ndugu yangu, usiache kazi. Uliyeambiwa ni nusu ya maneno. Ili YouTube ikugawie mapato ya matangazo, huhitaji wafuasi 1,000 tu bali pia saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi kumi na miwili, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 katika siku 90. Tupige hesabu: saa 4,000 ni dakika 240,000, ikiwa kila anayefungua video yako ataitazama kwa dakika nne, unahitaji itazamwe mara 60,000 kabla ya kuruhusiwa kuanza kuchuma. Kipo kiwango cha chini cha wafuasi 500, lakini hicho hukufungulia michango na ada za watazamaji, si matangazo.

Ukishafika hapo, mgao wako ni asilimia 55 ya mapato ya matangazo katika video ndefu, na malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Marekani hukata kodi ya asilimia 30 kwa sehemu ya mapato inayotokana na watazamaji walioko Marekani, maana Kenya haina mkataba wa kodi nayo. Usipojaza fomu yao huweza kukatwa kwenye mapato yote. Nayo Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi anayelipwa kwa maudhui ya kidijitali.

Usisahau muziki. Taarabu iliyokuwa ikipigwa hotelini ulipokuwa ukirekodi huweza kutambuliwa na mtambo wa YouTube, na mapato ya video hiyo yakaenda kwa mwenye wimbo. Vile vile, hoteli ikikupa chumba cha bure, waambie watazamaji wako. Safiri wakati wa likizo yako ya kazi, na uone kwanza kama kazi hii unaipenda hata isipokulipa.

SWALI: Mimi ni baharia mstaafu wa Likoni. Nilizunguka bandari nyingi, Bombay, Durban, Rotterdam na kwingineko, nikiwa mpishi wa meli. Sina video hata moja, ila nina albamu za picha na madaftari. Mjukuu wangu anasema nifungue chaneli. Je, si kuchekwa huko?

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Anayepaswa kuona haya ni yule aliyetembelea Rotterdam kwa saa chache na kujifanya mwenyeji, si wewe. Msafiri wa leo hushuka uwanja wa ndege, hali wewe uliingia miji hiyo kwa mlango wa bandari, ukanunua samaki na viungo katika masoko yake kwa ajili ya mabaharia wa mataifa mbalimbali waliokuwa wakisubiri chakula. Nani katika vijana wetu anaweza kueleza pilau hupikwaje chombo kikiwa kinayumba?

Picha zako zisipigwe chini ya taa. Mjukuu azitoe katika nailoni ya albamu, azilaze mezani karibu na dirisha lenye mwanga wa kivuli, azipige moja moja kwa simu iliyotulia, kisha aandike yale yaliyo nyuma yake: jina la meli, bandari, mwaka. Wewe keti kitini, uichukue picha moja mkononi, na uisimulie kama unavyoisimulia barazani. Dakika kumi kwa picha moja si nyingi. Mwambie asikukatize, na asijazie video yako mandhari ya miji aliyoyaokota mtandaoni, kwani yana wenyewe, na tena yatawaonyesha watazamaji Bombay ambayo si ile uliyoijua. Pale ambapo kumbukumbu yako na daftari vinapingana, yasome yote mawili. Mabaharia wenzako wanaoonekana pichani watafutwe, au wanao watafutwe, waombwe ruhusa. Huenda wakaja na albamu zao.

Chaneli na ifunguliwe kwa jina lako, na nywila uijue wewe mwenyewe, ili mjukuu akienda masomoni kazi isisimame.