123,456,789 si namba tasa

Mkuu, umeuliza kama 123,456,789 ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hapana, si tasa. Kuishia na 9 kunaonyesha tu kwamba haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5, basi. Jumlisha tarakimu zake, 1 hadi 9, unapata 45. Hiyo inagawanyika kwa 9, kwa hiyo na namba nzima inagawanyika: 9 × 13,717,421. Wengi huachia hapo, ila hiyo kubwa nayo inavunjika, ni 3,607 × 3,803, na hizo mbili ndizo tasa. Zizidishe kwenye simu uone.

Nafundisha hesabu sekondari hapa Uyole na namba hii naipenda sana darasani. Panga tarakimu hizo tisa utakavyo, hata uzigeuze iwe 987,654,321, hutapata tasa kamwe, maana jumla inabaki 45. Sababu ni kwamba 10, 100, 1,000 na kuendelea, kila moja ukiigawa kwa 9 inabakiza 1, kwa hiyo nafasi ya tarakimu haibadilishi kitu.

Ila usichanganye na 1,234,567,891. Hiyo ni tasa kweli. Jumla yake ni 46, lakini hilo linaonyesha tu kwamba haigawanyiki kwa 3 wala kwa 9, halithibitishi utasa. Kuthibitisha kwa mkono itabidi ujaribu kila namba tasa mpaka kwenye kipeuo chake cha pili, yaani mpaka 35,136. Hapo tumia kompyuta tu.